Somo: Kununua saa ya zamani kwa moyo uliofunzwa

Wanachama, wengi mmekuwa mkiniuliza ni saa gani ya zamani ya kununua sasa kabla bei haijapanda. Silijibu swali hilo, maana saa ya miaka 50 si kiwanja cha Kitengela. Mafuta yake hukauka, vipuri vyake husumbua kupatikana, na iko siku itaacha kwenda ukiwa ndani ya matatu. Mwenye kuipenda ataivumilia. Aliyefuata orodha ya bei ataiuza kwa hasara. Nunua kwa moyo, ila moyo wenyewe uwe umepita shule.

Hatua ya kwanza: zoesha macho

Wakusanyaji wazoefu husema "niliiona tu nikajua". Hiyo si ramli, ni macho yaliyokwisha kuona saa nyingi za aina moja. Kwa hiyo chagua aina moja uishike. Hapa Nairobi ningeanza na Seiko 5, kwa sababu mafundi wetu wanaijua na bei yake haitakufilisi.

Nenda kwa fundi saa wa River Road au Tom Mboya, umwombe kwa heshima akuruhusu kukaa karibu anapofungua saa. Tuchukue mfano wa Seiko yenye mashine ya 6119. Mgongoni utaona nambari mbili zenye kistari katikati: ya kwanza ni mashine, ya pili ni bodi, yaani kasha la nje. Kisha kuna nambari ndefu zaidi. Tarakimu yake ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka saa ilipotengenezwa, ya pili ni mwezi. Oktoba huandikwa O, Novemba N na Desemba D. Ikianza na 1 na N, hiyo ni Novemba 1971, maana mashine hii ni ya mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1970. Sasa geuza saa, utazame chini kabisa ya uso, karibu na saa kumi na mbili jioni kwa hesabu yetu, palipo na 6. Kuna maandishi madogo mno, utahitaji lenzi ya fundi. Hapo nambari ya mashine inapaswa kurudiwa. Ukikuta 7009 usoni na 6119 mgongoni, umeshika saa mbili zilizounganishwa kuwa moja.

Ukifanya hivyo mara nyingi, utaanza kuhisi kasoro kabla hujasoma nambari yoyote.

Hatua ya pili: ipe furaha muda

Ukikutana na saa ikakushika, irudishe mezani. Jiulize kama ungeitaka hata bila jina la kampuni pale usoni. Nenda ukanywe chai. Muuzaji akisema kuna mteja mwingine anatuma M-Pesa sasa hivi, mwache atume. Haraka hiyo ni ya muuzaji, haitoki moyoni mwako.

Hatua ya tatu: wasiwasi ndio akili

Hapa ndipo hisia inapofanya kazi yake kubwa. Furaha inaweza kukudanganya, lakini ile karaha ndogo tumboni, ya kuona kitu hakikai sawa hata hujui ni nini, mimi huiamini kila mara. Usiipuuze, itafutie sababu.

Mara nyingi sababu ni uso uliopakwa rangi upya. Saa ina mikwaruzo kila mahali, kioo kimepauka, halafu uso unang'aa kama wa jana na herufi zake ni nene kidogo. Angalia pia rangi inayong'aa gizani. Saa nyingi za Uswisi za miaka ya 1960 hadi 1990 zilitumia tritiamu, kitu chenye mionzi kinachofanya rangi hiyo iwake, na herufi T huandikwa usoni, chini kabisa, kando ya neno SWISS. Nguvu ya tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na ushei. Saa ya 1970 yenye alama hiyo, ukiipeleka gizani ikawaka usiku kucha, basi kuna mtu aliyeipaka rangi mpya.

Tazama miguu inayoshika mkanda: kingo zikiwa za mviringo kama sabuni iliyotumika, saa imesuguliwa kupita kiasi, na chuma kilichoondoka hakirudi. Mwisho, fuata mshale wa sekunde. Ukiruka mara moja kila sekunde kwenye saa iliyoandikwa otomatiki, yaani inayojijaza nguvu kwa mwendo wa mkono, ndani kuna mashine ya betri.

Hatua ya nne: pesa

Lipa baada ya mgongo kufunguliwa mbele yako. Tenga pesa za fundi kando, kwani saa isiyojulikana ilihudumiwa lini itahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta.

Maswali ya wanachama

Swali (Umoja): Mwalimu, kuna mzee pale soko la Gikomba ana saa ya Omega nzuri sana. Nimeipenda kupita kiasi, lakini hataki ifunguliwe, anasema maji yataingia.

Jibu: Ndugu yangu, maji hayaingii saa ikifunguliwa na fundi na kufungwa vizuri. Mwombe mzee mwende pamoja kwa fundi anayemwamini yeye, wewe ulipe gharama. Omega ya zamani huwa na jina na nambari kwenye mashine yenyewe. Akikataa hata hilo, mshukuru uondoke.

Swali (Ngara): Mke wangu anauliza, hizi saa zina faida?

Jibu: Mwambie ukweli: huenda zisiwe nayo. Saa za Rolex Daytona zenye uso unaoitwa Paul Newman, jina la mwigizaji wa Marekani, hazikupendwa madukani enzi zake. Ile ya Newman mwenyewe ikauzwa New York Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Walionunua aina ile mapema hawakubashiri hayo, walivutiwa na uso tu. Tumia pesa ambayo haitagusa karo wala kodi ya nyumba.

Swali (Kangemi): Shikamoo mwalimu. Nimerithi saa ya babu ya miaka ya 1950. Uso umegeuka kahawia, na fundi anataka kuupaka upya. Mimi naupenda vile ulivyo lakini naona aibu kumkatalia.

Jibu: Marahaba. Mkatalie bila aibu, hapo moyo wako uko sahihi. Rangi ile ya kahawia imekuja yenyewe kwa miaka mingi na hakuna fundi wa kuirudisha ikifutwa. Tena, kama namba zake zilikuwa zinawaka gizani, yaelekea ni rediamu, ambayo bado ina mionzi hata kama haiwaki tena. Uso huo usikwanguliwe wala kupulizwa. Mwambie asafishe mashine, abadilishe mkanda, na uso auache.