Kuchuja dhana za awali za turbini ya upepo inayoelea

Somo hili ni la wakati ule ambapo hakuna mchoro wa maana bado, lakini dhana tatu ziko mezani na bosi anataka jibu. Mfano wetu: eneo lenye kina cha mita 100. Tuna spa, yaani silinda ndefu ya wima yenye uzito chini. Jukwaa la nguzo tatu lililozama nusu. Na TLP, jukwaa linaloshikwa na kano zilizokazwa hadi chini ya bahari.

Hatua ya 1: masharti ya lazima. Hapa hakuna alama. Dhana isiyotimiza sharti inatoka. Spa za Hywind Scotland, zilizoanza kazi 2017, zimezama takriban mita 78, ndiyo maana zilifungiwa turbini kwenye maji marefu ya Stord, Norwei, kisha zikaburutwa hadi Uskoti. Majukwaa ya nguzo tatu ya WindFloat Atlantic yalifungiwa turbini gatini, Ferrol, Hispania, yakaburutwa hadi Ureno. Basi kama huna maji marefu yaliyokingwa na mawimbi, spa ya aina hiyo imeishia hapo, hata itulie vipi baharini.

Hatua ya 2: vigezo. Sita hadi tisa vinatosha. Ukiweka "uzito wa chuma" na "gharama ya chuma" pamoja, umeadhibu dhana moja mara mbili.

Hatua ya 3: jedwali la Pugh. Chagua dhana moja iwe rejea, nyingine zipe + (bora kuliko rejea), 0 (sawa nayo) au − (duni kuliko rejea). Rejea ikiwa nguzo tatu, TLP hupata + kwa kutopanda na kushuka na mawimbi, + kwa eneo dogo la nanga. − Kwa nanga, maana lazima zihimili mvuto wa kwenda juu. − Kwa usakinishaji, kwa kuwa aina nyingi haziko thabiti mpaka kano zifungwe. Jumla ni sifuri, na sifuri hiyo haina faida yoyote kwako. Soma zile − mbili: ipi inatibika kwa usanifu? Sababu ziandikwe ndani ya visanduku, la sivyo mwezi ujao mtabishana upya.

Hatua ya 4: badili rejea, rudia.

Maswali ya wanachama

*Kwa nini tusitumie AHP, mbinu ya kupima uzito wa vigezo kwa kuvilinganisha viwili viwili, moja kwa moja?*
Vigezo vinane vinadai ulinganisho wa jozi 28, kabla hujagusa dhana zenyewe. Kwa data za kukisia, utapata desimali za kujidanganya. Ingoje zibaki dhana mbili, na uwiano wa kutolingana kwa majibu usizidi 0.1.

*Mteja ameng'ang'ania gharama ibebe asilimia 60 ya alama zote. Tufanyeje?*
Piga hesabu kwa 40, 50 na 60. Mshindi asipobadilika, usigombane naye. Akibadilika, mpelekee majedwali yote matatu.

*Zikitoka sare?*
Zibebe zote mbili, mtafute kipimo kitakachozitenganisha. Kwa TLP, mimi ningeanza na udongo wa chini ya bahari.