Spika za bei kali kwenye nyumba ya mawe Lamu: pesa ianzie wapi

Mwenye laki tano za kutumia kwenye muziki wa nyumbani, hapa Lamu, asianze na amplifaya. Adui wa sauti huku ni wawili: kuta za matumbawe zilizopakwa chokaa, na hewa ya chumvi. Mgao tunaoupendekeza ni huu: spika 250,000, amplifaya 90,000, kutuliza chumba 60,000, kinga ya stima 40,000, chanzo cha muziki 40,000, na 20,000 zikae akiba kwa usafiri na vifaa vya usafi. Wengi hulicheka fungu la chumba, na ndilo litakalosikika zaidi.

Pima chumba kabla ya kupima mfuko. Msana, yaani ukumbi wa nyumba ya zamani, ni mrefu na mwembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Chukua msana wa mita 8 kwa 2.7, wenye kimo cha mita 4. Sauti kwenye joto la nyuzi 30 husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Gawanya 349 kwa mara mbili ya kila kipimo: urefu unakupa 22 Hz (mitetemo 22 kwa sekunde), kimo 44, upana 65. Kisha zidisha ile 22 kwa mbili na kwa tatu, utapata 44 na 65 tena. Yaani urefu, kimo na upana vyote vinavuma mahali pamoja. 44 Hz ni noti iliyo nusu toni juu ya kamba nene kabisa ya gitaa la besi, kwa hiyo mpigaji akiigusa chumba kizima kinanguruma, na noti ya jirani yake inatoka nyembamba. Mtu husema spika mbovu, anauza, ananunua za bei mara mbili, mngurumo uko pale pale.

Zipange spika kwenye ukuta mfupi zikitazama urefu wa msana. Kutoka twita (ile spika ndogo ya sauti nyembamba) hadi twita iwe mita 1.7, kila upande ubaki nusu mita hadi ukutani. Ziondoe ukuta wa nyuma yake kwa mita 1.2, kisha uzielekeze kidogo kwa ndani. Kiti kiwe mita 3 kutoka ukuta huohuo wa nyuma ya spika. Usikae katikati ya chumba, kwenye mita 4, maana hapo ile 44 ya urefu iko kileleni, sawa na ukiegemea ukuta. Kwenye mita 2 inapotea kabisa. Mita 3 ni pa kuanzia tu: sogeza kiti sentimita 10 kwa 10 huku wimbo mmoja wenye besi unayoijua ukijirudia, na ukiridhika tia alama sakafuni kwa utepe.

Mwangwi wa sauti nyembamba dawa yake iko madukani kwetu: sufi. Godoro la sufi la unene wa sentimita 10 hunyonya sauti vizuri na halihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Shonesha vipande vinne vya sentimita 60 kwa 120, uvitie kwenye fremu za mbao zenye miguu, uvifunike kwa kitambaa cha pamba. Kitambaa kipime kwa mdomo: ukipuliza na pumzi ikapita, kinafaa, ngozi ya plastiki haifai hata ikipendeza. Mahali pa kuviweka patafute kwa kioo. Wewe kaa kitini, mwenzako atembeze kioo ukutani kwa usawa wa twita. Pale unapoiona twita kiooni ndipo kipande kinaposimama. Ukuta wa kulia una pointi mbili, moja ya kila spika, na wa kushoto vivyo hivyo. Acha nafasi ya sentimita 10 kati ya fremu na ukuta, kwani kwa nafasi hiyo fremu inaanza kufanya kazi tangu kwenye 400 Hz hivi. Ukiibandika ukutani inatuliza zile nyembamba tu. Sufi hushika moto upesi, basi iwe mbali na taa ya joto na chetezo cha udi.

Sakafuni, kati ya spika na kiti, tandika jamvi na juu yake zulia zito. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ziache wazi, zile pembe na matundu huvunja mwangwi bila kuuua. Wala usitoboe chokaa ya zamani kutundika chochote. Mji wa Kale uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na plasta ile ikibanduka fundi wa kuirudisha sawasawa ni wa kutafuta.

Sufi haiwezi kitu kwa ile 44. Ikiwa spika zina tundu la hewa, ziba kwa soksi iliyokunjwa usikilize. Ikibaki, tumia programu ya bure ya Room EQ Wizard na maikrofoni ya kupimia, kisha punguza kwa ikwalaiza kwenye 44 Hz kwa desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kichujio kiwe chembamba. Shusha vilele tu. Shimo, pale besi inapopotea, usilijaze: utaongeza nguvu, chumba kitazimeza, na wufa, ile spika kubwa ya besi, itaungua. Spika ya besi peke yake, ile sabufa, hatuishauri kwa msana unaofungukia kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Besi inapanda juu na kumwagika kwa majirani, hata ukuta ukiwa mnene vipi.

Amplifaya haihitaji kuwa jitu. Spika ya desibeli 86 kwa wati 1, mita 1, ikisikilizwa umbali wa mita 2, inatosheka na wati 50 hadi 80 halisi. Kumbuka kwamba kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, kwa hiyo kutoka 80 hadi 160 unalipa sana na kusikia kidogo. Waya wa spika nao una hekaya nyingi. Shaba ya milimita 2.5 mraba, mita 5 kila upande, ina ukinzani wa takriban omu 0.07 kwenda na kurudi. Kwa spika ya omu 8 hayo ni makombo. Kwaruza waya kwa kisu kabla ya kulipa: ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, na pwani alumini hiyo huota unga mweupe. Bora kuliko yote ni waya wa boti uliopakwa bati, unaouzwa kwa mafundi wa mashine za majini.

Bidhaa za mtumba zinahitaji macho. Stima yetu ni volti 240, Hz 50. Kifaa cha Marekani ni volti 120 na cha Japani 100. Ukikichomeka moja kwa moja, ukiwa na bahati fyuzi ndiyo itakayokufa peke yake. Transfoma ya kushusha iwe na uwezo wa mara moja na nusu ya wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa. Lakini transfoma haibadilishi Hz. Pleya ya santuri yenye mota ya AC ya Hz 60 itazunguka 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓, na mwimbaji atasikika kama amekunywa dawa ya usingizi. Tafuta yenye mota ya DC, au puli ya Hz 50. Uiweke juu ya baraza la mawe, si kabati linaloyumba.

Kabla ya kununua amplifaya ya mtumba, iwashe bila spika, subiri dakika 10, upime volti za DC nyuma yake, kwenye vichwa vya kufungia nyaya za spika. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ikipita 100 muachie mwenyewe. Spika ya omu 8 isome kati ya 5.5 na 7 kwenye mita. Isiposoma kabisa, koili au kichujio cha ndani kimekatika.

Stima ikipotea huwa si shida. Shida ni inaporudi na kishindo. Weka frijigadi inayokata volti zikizidi au kupungua na kusubiri kabla ya kurudisha, na usome ampea zake kwanza. Ukitumia sola, inveta iwe ya wimbi laini, kwani zile za bei ya chini huleta mvumo kwenye spika. Mvumo ukiwepo hata kwa stima ya kawaida, chomoa nyaya zote za kuingiza muziki. Ukikoma, kosa liko kwenye chanzo au waya wake, mara nyingi athi mbili (nyaya za ardhini) zinazogombana.

Kuhusu chumvi, hapa ndipo dhahabu ina haki yake: plagi zilizopakwa dhahabu hazishiki kutu, nikeli nyembamba hushika. Kila miezi mitatu chomoa plagi zote, uzifute kwa spiriti ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi. Ukingo wa wufa uwe wa mpira, maana wa sponji huoza. Amplifaya iwashwe angalau mara mbili kwa wiki, saa moja kila mara, joto lifukuze unyevu, na juu yake pabaki wazi sentimita 10. Ikizimwa na kupoa, funika kwa leso kuukuu. Nailoni hufungia unyevu ndani.

Mzigo ukishuka Mokowe, gati la upande wa bara, spika zipakiwe katikati ya boti, zimefungwa nailoni mara mbili, na wakati wa kusi zivushwe asubuhi kabla upepo haujakaza. Kutoka gatini lipa wachukuzi wawili kwa kila spika, punda abebe fremu na magodoro. Sahani ya pleya itolewe na mkono wake ufungwe kabla ya safari. Kitu kilichorushiwa maji ya bahari kisiwashwe: kifunguliwe, kioshwe kwa maji safi yasiyo na chumvi kisha kwa aisopropili, kikaushwe kwa siku mbili, ndipo fundi akijaribu.