Kufunga dima kwenye taa inayowashwa kutoka sehemu mbili

Ngazi, ukumbi mrefu, chumba chenye milango miwili, au chumba cha kulala chenye swichi mlangoni na nyingine kando ya kitanda: hapo ndipo taa moja huhitaji kuwashwa na kuzimwa kutoka pande mbili. Kuongeza dima ili mwanga upungue na kuongezeka si kazi ngumu kwa anayeuelewa mzunguko wake. Kinachowaangusha wengi ni kudhani kwamba swichi zikiwa mbili, basi na dima ziwe mbili. Kwa dima za kawaida za kuzungusha, inafungwa dima moja tu. Upande wa pili hubaki na swichi ya njia mbili, ile ambayo mafundi huiita tuwei.

Sababu iko kwenye namna dima inavyofanya kazi. Hukata sehemu ya kila nusu ya wimbi la umeme, yaani mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa 50 Hz, au mara 120 kwenye 60 Hz. Ili ijue pa kukata, huanza kuhesabu muda pale wimbi linapopita kwenye sifuri. Ukifunga dima ya pili kwenye njia hiyohiyo, inapokea wimbi ambalo tayari limekatwa na mahali pa kuanzia kuhesabu panapotea. Hapo taa hupepesa, dima huvuma na kupata joto kali, na moja kati ya hizo mbili inaweza kuungua.

Kabla ya kununua

Anza na taa, kisha uchague dima. Balbu ya LED lazima iwe imeandikwa kwenye pakiti kwamba inaweza kupunguzwa mwanga. Isiyoandikwa hivyo itapepesa au itakufa mapema, hata dima iwe ya bei gani. Taa za mirija na feni usizifunge kwenye dima ya taa.

Dima za kukata wimbi ni za aina mbili. Ile inayokata mwanzo wa wimbi ilitengenezwa kwa balbu za waya na halojeni, na pia hufaa kwa transfoma za kusukwa kwa waya. Ile inayokata mwisho wa wimbi ni tulivu zaidi, na ndiyo ninayoipendekeza kwa LED na kwa transfoma za kielektroniki.

Halafu piga hesabu ya wati. Taa 8 za LED za wati 7 ni wati 56. Usiridhike na namba kubwa iliyoandikwa mbele ya dima, kwa sababu mara nyingi hiyo ni ya halojeni. Kwa dima ya zamani inayokata mwanzo wa wimbi, kadirio la mafundi ni kwamba uwezo wake kwa LED ni kama sehemu moja ya kumi: ya wati 400 ichukulie kuwa ya wati 40. Angalia pia kiwango cha chini. Dima inayotaka angalau wati 10 haitatulia ikipewa balbu moja ya wati 5.

Mambo matatu ya mwisho dukani. Dima iwe na terminali (sehemu za kufungia nyaya) tatu za njia mbili, kwani yenye mbili tu ni ya swichi moja. Vivyo hivyo ile inayozima kwa kuzungushwa hadi mwisho badala ya kubonyezwa. Uliza kama inahitaji nyutro (waya wa kurudisha umeme), maana maboksi mengi ya swichi hayana nyutro kabisa. Na pima kina cha boksi la ukutani: 35 mm inatosha vizuri, 25 mm hubana, na 16 mm usijaribu, kwa kuwa dima ni nene na inahitaji nafasi ya kutoa joto.

Mzunguko ulivyo

Swichi ya njia mbili ina terminali tatu: COM, L1 na L2. COM huungana na L1 au na L2, moja kwa wakati mmoja. Kwenye swichi zisizo na maandishi, skrubu ya COM huwa na rangi nyeusi zaidi na zile nyingine mbili huwa na rangi ya shaba. Kwenye baadhi ya dima, COM huwekewa alama ya wimbi lenye mshale.

Mpango wa kwanza: waya wa laivu (unaoleta umeme) kutoka kwenye breka huingia COM ya swichi A. Nyaya mbili za kuunganisha swichi, yaani strapa, hutoka L1 kwenda L1 na L2 kwenda L2. Kutoka COM ya swichi B, waya huenda kwenye taa. Nyutro haigusi swichi; huenda kwenye taa moja kwa moja.

Mpango wa pili hupatikana sana pale swichi ya pili ilipoongezwa baadaye. Kebo ya nyaya tatu huunganisha COM na COM, L1 na L1, L2 na L2. Kisha laivu na waya wa taa vyote huingia upande mmoja, laivu kwenye L1 na waya wa taa kwenye L2. Ukifungua swichi ukakuta nyaya mbili kwenye L1 na mbili kwenye L2, huo ndio mpango wenyewe, na hakuna kilichokosewa. Dima ya kuzungusha isiyotumia nyutro kwa kawaida huingia kwenye mpango wowote kati ya hii miwili, lakini soma kwanza mchoro uliokuja nayo.

Usiamini rangi za nyaya. Ndani ya kebo ya nyaya tatu, waya mweusi, wa kijivu, wa bluu au wa njano unaweza kuwa na umeme kamili, kwa sababu rangi zilizokuwepo ndizo zilizotumika.

Hatua ya 1: Zima na uthibitishe

Zima breka ya taa, bandika tepu juu yake ili mtu asiiwashe, kisha jaribu swichi zote mbili. Taa kutowaka hakutoshi. Tumia multimita au kipima volti cha ncha mbili: kijaribu kwanza mahali penye umeme unaoujua, pima kila waya ndani ya boksi dhidi ya ethi (waya wa ardhi) na nyutro kama ipo, halafu rudi ukijaribu tena pale pa mwanzo. Tesita ya bisibisi yenye kijitaa hukosea mara nyingi mno kwa kazi ya kulinda uhai. Katika boksi lenye swichi kadhaa, pima zote, kwani nyingine zinaweza kutoka breka tofauti. Nchi nyingi huitaka kazi hii ifanywe na fundi umeme mwenye leseni. Jua sheria ya kwenu kabla ya kufungua skrubu.

Hatua ya 2: Weka alama kabla ya kuchomoa

Hii ndiyo hatua inayoamua kama kazi itachukua nusu saa au siku nzima. Piga picha, kisha zungushia tepu waya au nyaya zilizoko COM. L1 na L2 zikibadilishana kwenye mpango wa kwanza hakuna kinachoharibika, ila COM ikipotea mzunguko wote umevurugika. Kwenye mpango wa pili weka alama zote tatu, na nyaya zilizobanwa pamoja zibaki pamoja.

Kama swichi ya zamani haina alama, itoe uipime kwa multimita kwenye mlio wa mwendelezo. Terminali inayolia na jirani mmoja, kisha ukibonyeza swichi ikalia na jirani mwingine, ndiyo COM. Hizo nyingine mbili hazilii pamoja kamwe.

Hatua ya 3: Funga dima

Chagua upande wenye boksi la kina au wenye nyaya chache. Zungusha dima hadi mwanga wa chini kabisa. Nyaya za COM ziende COM, za L1 ziende L1, za L2 ziende L2. Menya waya kiasi cha mm 8, au urefu ulioonyeshwa mgongoni mwa dima. Shaba isionekane nje ya terminali, wala plastiki isibanwe na skrubu. Waya mmoja mwembamba kwenye tundu kubwa ukunje mara mbili ndipo ukaze, kisha uvute kwa mkono kuhakikisha. Kifuniko cha chuma lazima kifungwe ethi, na boksi la chuma vivyo hivyo.

Rudisha nyaya kwa kuzikunja taratibu nyuma ya dima. Ukiisukuma dima kwa nguvu, skrubu ya boksi hutoboa waya, nayo breka hukatika mara tu unapowasha.

Hatua ya 4: Jaribu hali zote nne

Washa breka. Taa ibadilike kila unapobonyeza dima au swichi, haidhuru nyingine iko upande gani. Pandisha mwanga hadi juu, ushushe polepole, uache uwake nusu saa, kisha gusa kifuniko. Uvuguvugu ni kawaida. Joto la kuchoma mkono maana yake mzigo, yaani jumla ya wati za taa, umezidi. Dima mbili za taa tofauti zikikaa boksi moja hupashana joto, hivyo kila moja ipewe mzigo mdogo kuliko kiwango chake.

Mambo yanapokwenda kombo

Taa inawaka tu swichi moja ikiwa upande fulani: COM imebadilishana na strapa, upande mmoja au mwingine. Zima, pima, rudisha.

Taa inapepesa ikishushwa sana: dima nyingi zina skrubu ndogo au utaratibu wa kuweka kiwango cha chini cha mwanga. Pandisha hadi kupepesa kuishe. Kusipoisha, mzigo ni mdogo mno au balbu hazipatani na dima. Jaribu balbu za aina nyingine kabla ya kubadilisha dima.

LED inabaki na mwanga hafifu ikiwa imezimwa: strapa mbili zikipita pamoja kwenye kebo ndefu, ule wenye laivu huambukiza mwenzake umeme kidogo, na LED huhitaji kidogo sana ili ionekane. Kifaa cha kutuliza mzigo, kinachofungwa sambamba na taa kati ya waya wa taa na nyutro, humaliza tatizo hilo.

Ukitaka kupunguza mwanga kutoka pande zote mbili

Nunua jozi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo: dima kuu na tegemezi yake, za mtengenezaji mmoja. Mzigo wote hupita kwenye dima kuu. Tegemezi hutuma ishara tu kupitia strapa. Mchoro wake haufanani na wa swichi ya njia mbili, kwa hiyo usifuate nyaya zilivyokuwa. Baadhi ya dima kuu hukubali kitufe cha kubonyeza kinachorudi chenyewe badala ya tegemezi: bonyeza haraka kuwasha au kuzima, shikilia kubadilisha mwanga. Usiweke hapo swichi ya kawaida inayobaki ilipobonyezwa, maana dima itaelewa kwamba kitufe kimeshikiliwa muda wote.

Na siku fundi atakapokuja kupima uzima wa nyaya kwa volti 500, mwambie kuna dima kwenye mzunguko huo, aichomoe kwanza. Kipimo hicho kinaweza kuua vipuri vyake vya ndani.