Jinsi ya kuomba majibu ya hoja za ukaguzi kutoka halmashauri yako

Mwisho wa Machi, Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hukabidhi ripoti zake kwa Rais, kisha zinawasilishwa bungeni. Baada ya hapo kila halmashauri, iwe Jiji la Mbeya, Rungwe, Mbarali, Kilolo au Mufindi, huitisha baraza maalum la madiwani kupitia hoja za ukaguzi, yaani dosari ambazo CAG anataka zitolewe maelezo, moja baada ya nyingine, na mara nyingi Mkuu wa Mkoa huwapo. Sisi wananchi tunaishia kusikia redioni kwamba tumepata hati safi.

Hati safi ni maoni ya mkaguzi kuhusu namna hesabu zilivyoandaliwa. Halmashauri inaweza kuwa nayo na bado ikawa na hoja za mikopo isiyorejeshwa, ile ya asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, au za ushuru uliokusanywa kwa mashine na usifike benki. Ukitaka kujua kama halmashauri yako inajirekebisha, omba majibu ya hoja. Humo utakuta hoja yenyewe, maelezo ya menejimenti, hatua waliyoahidi na hali ya utekelezaji: imetekelezwa, inaendelea, au haijaguswa. Kwangu mimi hakuna karatasi ya halmashauri inayomfaa mwananchi kuliko hiyo, kwa sababu ahadi imeandikwa na waliopaswa kuitimiza.

Haki ya kuiomba imo katika Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016. Sharti ni uwe raia wa Tanzania, kwa hiyo andaa nakala ya kitambulisho cha taifa.

Kabla hujaandika barua, tafuta kwanza kilichokwisha kuwekwa wazi. Ripoti kuu ya CAG kuhusu serikali za mitaa inapatikana bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Fungua pia tovuti ya halmashauri, na upite kwenye mbao za matangazo za kata na mtaa. Ukishajua kilichopo, utajua cha kuomba.

Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanaandika "naomba taarifa zote za matumizi ya fedha". Barua ya namna hiyo huzunguka ofisi hadi ofisi kwa sababu hakuna afisa anayejua aanzie wapi. Taja waraka, taja mwaka wa fedha (huanza Julai 1 na kuisha Juni 30), taja na eneo. Kama shida yako ni boma la zahanati ambalo wanakijiji walilisimamisha kwa nguvu zao na sasa linaota majani likisubiri bati, litaje boma hilo kwa jina la kijiji. Barua iwe fupi, kwa mfano:

"Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya ………

YAH: MAOMBI YA TAARIFA YA MAJIBU YA HOJA ZA UKAGUZI, MWAKA WA FEDHA ………

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni raia wa Tanzania, mkazi wa Kijiji cha ………, Kata ya ……… Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala ya majibu ya hoja za CAG yaliyojadiliwa na baraza la madiwani, hususan hoja zinazohusu miradi ya afya, pamoja na hali ya utekelezaji wake hadi sasa. Naomba nakala ya karatasi au ya barua pepe."

Malizia kwa jina, saini, tarehe, anwani na namba ya simu. Uliza masjala kama wana fomu ya maombi. Ikiwapo, ijaze na uiambatanishe. Asiyeweza kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anaruhusiwa kueleza ombi lake kwa mdomo, na afisa analiandika.

Peleka nakala mbili. Moja inabaki masjala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Usiondoke bila muhuri huo, hata kama umetoka Busokelo na gari la mwisho linakusubiri. Bila tarehe, huna pa kuanzia kuhesabu siku 30 ambazo sheria imeipa ofisi kukujibu.

Unaweza kutakiwa kulipia gharama za nakala. Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na udai stakabadhi. Usimpe mtu fedha mkononi.

Zipo taarifa zinazozuiwa, kama zinazogusa usalama wa taifa, uchunguzi unaoendelea au faragha ya mtu. Ikiwa kizuizi kinahusu sehemu tu ya waraka, omba upewe iliyobaki. Wakikataa, wanapaswa kukueleza sababu kwa maandishi. Usiporidhika, una siku 30 tangu upokee uamuzi huo kumwomba mkuu wa taasisi aupitie upya, na baada yake unaweza kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya sheria hiyo. Ambatanisha nakala ile yenye muhuri kila hatua.

Ukishapata waraka, usome na diwani wako, kwa kuwa yeye alikuwa ndani ya kikao na anajua nani aliulizwa nini. Anzeni na hoja zinazojirudia kutoka miaka ya nyuma. Hoja mpya inaweza kuwa bahati mbaya. Iliyorudi mwaka wa tatu ina mtu anayepaswa kuulizwa. Ukiisambaza kwenye makundi ya simu, tuma ukurasa wenyewe kama ulivyo, kwa sababu kupotosha taarifa uliyopewa ni kosa kisheria.

Kisha ipeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwone mtendaji mapema ili iwe ajenda, wala isiachwe kwenye mengineyo saa watu wanapoanza kuondoka. Hakikisha swali na jibu vimeandikwa kwenye muhtasari, pamoja na tarehe ambayo mmeahidiwa bati.