Jinsi ya kuchagua kamera ndogo ya mkanda yenye fokasi otomatiki

Kabla hujaanza kutafuta majina ya kamera, nenda kwa Mangi wa duka la mtaani kwenu umuulize kama ana betri ya CR123A. Atakutazama, kisha atakuletea betri za rimoti. Jibu hilo lishike, tutalirudia.

Ninazozungumzia ni kamera ndogo za mkanda wa milimita 35 zinazojitafutia fokasi zenyewe. Konica C35 AF ndiyo iliyofungua njia mwaka 1977, na enzi yao ikafifia kamera za dijitali ziliposhika soko miaka ya 2000. Karibu zote utakazoziona leo ni mtumba. Ndani zimejaa saketi, na saketi ikifa, fundi wako mzuri kuliko wote atakurudishia kamera na pole.

Hatua ya 1: Iache lenzi ya zumu

Milimita 35 za mkanda ni upana wa utepe. Milimita 35 za lenzi ni kitu kingine: zinaonyesha lenzi inakusanya eneo pana kiasi gani. Fremu ya mkanda ni milimita 24 kwa 36, na ukiipima kona hadi kona unapata kama 43. Lenzi iliyo karibu na namba hiyo huonyesha mambo bila kuyavuta wala kuyasukuma mbali, na ndiyo maana kamera hizi zilipewa lenzi za 35, 38 au 40. Ukisimama hatua tatu kutoka kwa mzee aliyekaa barazani, unampata yeye, baraza, na kikombe chake cha kahawa.

Zumu inavutia dukani, lakini tazama namba iliyoandikwa kuzunguka kioo. Lenzi zisizovutika nyingi zina tundu la f/2.8 (namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi). Zumu ndogo ikivutwa hadi mwisho huweza kufika f/11, yaani inapokea mwanga mara 16 pungufu. Jua la saa sita litakusamehe. Saa kumi na mbili jioni, utapata picha iliyotikisika au uso uliopigwa na flashi.

Hatua ya 2: Betri

Hapa ndipo Mangi anaingia. Nikon L35AF ya 1983 inatumia betri mbili za AA, zile zile za rimoti, na Canon AF35M ya 1979 vilevile. Olympus mju II, Yashica T4 na Contax T2 zote zinataka CR123A. Betri hiyo inadumu mikanda mingi, kwa hiyo kama una ndugu anayesafiri, mwagize nne na usilale na wasiwasi. Kama huna, chukua ya AA.

Hatua ya 3: Uliza flashi inazimwaje

Watu hawaulizi swali hili, kisha wanajuta kwenye nikaha, ukumbi umetulia, shekhe anasoma, na kamera inamulika kama radi. Mju II ni kamera nzuri sana, ina uzito wa gramu 135 tu na inafokasi hata kitu kilicho karibu kwa sentimita 35, ila kila ukiifungua flashi inarudi kwenye otomatiki. Lazima ubonyeze kitufe kuizima, tena na tena, maisha yako yote. L35AF haina kitufe cha kuzima, lakini flashi yake inachomoza juu, kwa hiyo unaizuia kwa kidole tu. Mimi kidole changu cha kushoto kimeshazoea kukaa pale.

Uliza pia kuhusu kipimo cha mwanga. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa ni mtihani kwa kamera hizi: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama gizani. L35AF ina kiwiko (wenzo mdogo) kando ya lenzi cha kuongeza mwanga mara nne. Pia ISO, yaani wepesi wa mkanda kupokea mwanga, unaipanga mwenyewe kwa pete, hivyo mkanda wa 400 mimi naupanga 200 na sijawahi kujuta, maana negativu za rangi huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Kamera zinazosoma zenyewe miraba ya fedha kwenye kopo la mkanda, mfumo wa DX uliokuja mwaka 1983, nyingi hazikuachii uamuzi huo.

Hatua ya 4: Kagua kwa mkono wako

Nenda na tochi ya simu, betri mpya, kijiti cha meno, na mkanda mbovu wa kujaribia.

Anza na mlango wa betri. Ukiona chumvi nyeupe au ya kijani, betri ilivuja. Kidogo tu husafishika kwa pamba yenye siki. Ikiwa imekula chuma, achana nayo.

Fungua mgongo wa kamera. Kwenye mifereji ya kingo kuna sifongo nyeusi ya kuzuia mwanga. Iguse kwa kijiti. Ya zamani hunata kama lami na kumeguka. Hili si kosa la kuikataa kamera, kwani uzi mweusi wa sufi ukipangwa vizuri kwenye mfereji unafanya kazi ile ile, ila lijue mapema. Kamera yangu ya kwanza sikuifungua mgongo. Nilimwamini muuzaji, nikaenda nayo harusini, na picha zote 36 zikarudi na mstari wa rangi ya chungwa ubavuni mwa bibi harusi.

Mgongo ukiwa wazi, ielekeze lenzi dirishani, tazama kutoka nyuma, bonyeza. Unatakiwa uone mwanga ukipita kufumba na kufumbua. Kisha mulika kioo cha mbele kwa pembeni na utafute ukungu, unaofanana na utando wa buibui. Sisi wa pwani tunaujua huo: kamera iliyolala kabatini masika mbili tatu mara nyingi inao.

Weka mkanda mbovu usikilize mota. Ivute bila kukwama, na irudishe hadi mwisho. Halafu bonyeza nusu ukielekeza kitu cha karibu, kisha cha mbali. Kwenye L35AF sindano ndogo ndani ya dirisha la kutazamia husogea. Isiposogea, mrudishie mwenyewe.

Na usije ukafungua bodi kwa bisibisi. Kapasita ya flashi hutunza volti kama 300 hata betri zikiwa zimetolewa.

Hatua ya 5: Jina

Fupi tu. Contax T2 ya 1990, ya titani na lenzi ya Sonnar 38, ni chombo safi, lakini sehemu kubwa ya bei yake leo ni umaarufu. Anayetaka mpya kabisa ipo Rollei 35AF, iliyotolewa 2024 na MiNT wa Hong Kong, yenye lenzi ya 35 f/2.8. Kwa mtumba, kamera isiyo na jina iliyofaulu hatua ya nne naichukua kabla ya yenye jina niliyoiona pichani tu.

Hatua ya 6: Mkanda wa kwanza ni mtihani

Simamisha watu wawili bega kwa bega, na mwanya katikati. Piga bila kufikiri. Kamera itapitia kwenye mwanya na kufokasi ukuta wa nyuma. Piga tena: elekeza katikati ya fremu kwenye uso wa mmoja, bonyeza nusu, shikilia, panga upya, malizia. Piga moja kupitia dirisha la basi lililofungwa na moja likiwa wazi. Kamera zinazopima kwa miale ya infraredi hudanganywa na kioo. Piga mlango kwa mita moja, mbili, na tano, ukiandika namba za fremu kwenye daftari.

Peleka usafishwe, kisha zitazame negativu zenyewe juu ya mwanga, usitosheke na picha zilizotumwa kwenye simu. Mimi humwomba muuzaji nilipe nusu, nusu nyingine mkanda ukisharudi. Anayekataa namwachia kamera yake.