Natron na mchanga unaohama wa Olduvai: jinsi ya kuwahi mwanga wake

Watu wengi wanafika Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, saa tano asubuhi, wanashuka kwenye gari, wanapiga picha tano sita, ziwa linatoka jeupe kama karatasi, halafu wanaenda kusema pale hamna kitu. Jamani kitu kipo, ila saa hiyo umeshachelewa masaa matano. Huku kwetu karibu na ikweta jua linapanda karibu wima na linazama hivyohivyo, kwa hiyo ule mwanga laini unapita ndani ya nusu saa tu, hauna subira na mtu anayetafuta viatu.

Mimi ninaoupenda zaidi ni wa kabla jua halijatoka. Saa kumi na moja na nusu uwe umeshafika ufukweni, lala Ngare Sero maana ndo kijiji cha karibu, na nenda na kijana wa Kimaasai wa palepale anayejua ganda la magadi linabeba wapi na linabomoka wapi, ukizama unatoka na matope yanayowasha mpaka magotini. Asubuhi upepo unakuwa haujaamka, maji ya kina kifupi yanatulia kama kioo. Geukia kusini: mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai unaupata mara mbili, mmoja juu mmoja chini. Ule weupe wa kileleni siyo theluji, ni lava yenye magadi iliyopauka, na kabla ya jua unashika rangi ya pinki ya angani kuliko kitu kingine chochote pale.

Jioni kuna jambo wageni hawalijui. Ukuta wa Bonde la Ufa uko magharibi ya ziwa, kwa hiyo kivuli kinakufikia ufukweni mapema na watu wanafunga mabegi wakidhani imeisha. Usifunge! Ng'ambo, mlima Gelai bado unapigwa na jua, unawaka rangi ya kutu huku wewe ukiwa kivulini, na hiyo rangi inashuka kwenye maji. Hapo toa ile filta ya kuondoa mng'ao kama uliifunga, maana itakufutia kilekile ulichokifuata. Heroe wapigie kwa lenzi ndefu ukiwa mbali, usiwasogelee wakaruka kwa ajili ya picha yako, Natron ndo wanapozalia.

Sasa twende Olduvai, ndani ya Ngorongoro, kwenye ule mchanga mweusi unaohama. Ni majivu ya volkano, umbo lake kama mwezi mwandamo, unasukumwa na upepo wa mashariki kwenda magharibi zaidi ya mita 10 kwa mwaka, na pale nyuma kuna alama zenye miaka zinazoonyesha ulikuwa wapi. Hili la upepo ndo linakupa picha. Mgongo wa mteremko mpole unatazama mashariki, tumbo lenye mteremko mkali linatazama magharibi. Kwa hiyo asubuhi mgongo unang'aa na tumbo ni giza, jioni kinyume chake. Simama kaskazini au kusini ya mchanga, jua likupige ubavuni, ule mstari wa juu unakata fremu nusu nyeusi nusu ya fedha, na vile vikunjo vidogo vya upepo kila kimoja kinapata kivuli chake. Zunguka kwanza kwa mbali kabla hujakanyaga, nyayo zako hazifutiki mpaka upepo uje.

Na hapa ndo kamera inapowadanganya wengi. Yenyewe inataka kila kitu kiwe kijivu. Ukiielekeza kwenye magadi meupe inatia giza, ukiielekeza kwenye mchanga mweusi inaongeza mwanga mpaka mchanga unakuwa kama vumbi la saruji. Tumia kile kirekebisho cha mwanga cha kamera (+/−): kwenye magadi panda +1, kwenye mchanga shuka −1 au zaidi kidogo, halafu angalia histogramu, ule mchoro unaoonyesha kiasi cha giza na mwanga kwenye picha, siyo picha ya kwenye kioo cha kamera, kioo kinadanganya juani. Kwa simu ni hivyohivyo, gusa sehemu unayoitaka, kisha vuta kile kijua juu au chini. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, kama simu yako inayo.

Lenzi usibadilishe pale mchangani, kabisa. Mchanga ule una chuma, unanasa kwenye sumaku, nimewahi kuutoa kwenye tundu za spika ya simu kwa sindano usiku mzima na bado sauti ilibaki inakwaruza. Funga lenzi moja kwenye kamera ukiwa bado garini, kabla ya kushuka. Tripodi nayo ikitoka Natron ioshe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, magadi yakikaukia kwenye skrubu hazifunguki tena.

Ukiweza, panga safari mwezi ukiwa mpevu. Unatokea upande wa Gelai wakati jua linaondoka, na ukishapanda juu unaumulika Lengai wote. Tripodi, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 800, tundu la lenzi f/4, shata iwe wazi sekunde 10 mpaka 15, fokasi weka kwa mkono ukilenga ukingo wa mlima. Kwa macho utaona kijivu tu, lakini kwenye picha magadi yanatoka ya bluu na ile mikunjo ya mlima unaihesabu mmoja mmoja.