Jinsi ya Kuandika Historia ya Mtaa Wako wa Nairobi

Anayeandika historia ya kijiji kidogo cha Uingereza huanza kazi akiwa amekwisha kurahisishiwa. Huenda kijiji chake kimetajwa katika orodha ya mali iliyoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William wa Kwanza. Mwaka 1538 kila parokia iliamriwa kuweka daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Na sensa ya mwaka 1841 ikahifadhi majina ya watu nyumba kwa nyumba. Anayeandika historia ya Pumwani au Kaloleni hana daftari la namna hiyo, kwa sababu wengi walioandika habari za mitaa hii zamani walikuwa watawala, nao waliwatazama wakazi kama vibarua, wapangaji na walipa kodi. Kwa hiyo anza na watu, kisha ndipo uende kwenye makaratasi.

Chagua eneo unaloweza kulizunguka kwa miguu asubuhi moja: safu chache za nyumba, au majirani wa msikiti mmoja. Pumwani nzima itakushinda.

Kwa wazee usiende na kalamu mkononi siku ya kwanza. Nenda na mtu anayejulikana nyumbani hapo, toa shikamoo, kaa, eleza wewe ni mtoto wa nani na kazi unayoifanya ni ya nini, kisha uombe siku nyingine ya kurudi. Ukirudi, usimwulize bibi wa miaka themanini jambo fulani lilitokea mwaka gani, kwani atakutajia mwaka wowote ili kukuridhisha. Mwulize kama lilitokea kabla ya kamatakamata ya Aprili 1954, wakoloni walipowazoa watu wa Nairobi kwa kuwashuku kuwa Mau Mau, au baadaye, kama bendera ya Uhuru ilikuwa imekwisha kupandishwa, kama mtoto wake wa kwanza alikuwa ameanza shule wakati wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Majibu hayo utayapanga mwenyewe nyumbani. Omba ruhusa ya kurekodi, na uhakikishe redio imezimwa; mimi nilipoteza mazungumzo ya saa nzima kwa uzembe huo.

Uliza pia kuhusu nyumba yenyewe: nani aliijenga, kwa udongo na fito au kwa mawe, vyumba vingapi vilipangishwa, na nani alikuwa akipokea kodi. Katika Pumwani ya zamani wanawake wengi walikuwa wenye nyumba, na usipouliza swali la kodi utaandika historia ya wanaume peke yao.

Sasa nenda kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Omba ripoti za kila mwaka za wilaya ya Nairobi, ukijua kwamba kwa kawaida nyaraka za serikali hufunguliwa kwa umma zikishatimiza miaka 30. Zisome kwa tahadhari. Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na Shauri Moyo ikajengwa ili kuwapokea waliohamishwa. Katika lugha ya ofisi jambo kama hilo ni suala la afya na mpango wa mji. Kwa mjukuu wa mwenye nyumba ni habari ya mali iliyopotea. Ziandike zote mbili, ukionyesha kila moja imetoka wapi.

Maisha ya jamii ndiyo sehemu ambayo waandishi wengi huipitia mbiombio, na hapo ndipo utamu ulipo. Daftari la chama cha kuzikana litakuonyesha nani alimhesabu nani kuwa ndugu, hata kama mmoja alitoka Ukambani na mwingine Uganda. Uliza maulidi yalisomwa wapi, timu ya mpira ilivaa rangi gani, harusi zilipikiwa uwanja upi. Picha za ukutani zipige kwa simu bila kuzitoa kwenye fremu, na uandike majina ya waliomo hapo hapo, kutoka kushoto kwenda kulia.

Kabla ya kuchapa, wakusanye waliokuhadithia na uwasomee kwa sauti. Watabishana. Weka kinasa sauti mezani tena, kwa sababu mabishano hayo huleta habari ambazo hakuna aliyekumbuka kukueleza alipokuwa peke yake.